Swali la Nyumba Yetu

Sheria inasema kila nyumba itamuuliza Marehemu Rais, yule aliyetufikishia umeme hadi kwenye banda la kuku, swali moja tu, naye atajibu ukweli mtupu. Sauti yake hutoka kwenye jiko. Mimi humwita baba mkwe, maana hachoki kuisema chumvi yangu.

Zamu yetu ilipofika, mume wangu Kihaule alikuwa anachambua mchicha.

"Mama Tuse, tuulize habari ya kiwanja," akasema.

"Kwani kiwanja kitakimbia? Mimi namtaka kaka yangu."

Kaka Lugano alichukuliwa mwaka wa ujenzi wa bwawa, kwa kusema sebuleni kwetu kwamba tunahamishwa kama mbuzi. Kwa miaka ishirini na sita tumemwombea bila kaburi, Kihaule akinishika mkono.

Nikaliinamia jiko. "Haya, baba mkwe. Nani alimchongea Lugano?"

"Habari za siku nyingi, Kihaule," jiko likasema kwa upole. "Naona nyumba niliyokuzawadia bado imara. Nimjibu mkeo, au utamjibu mwenyewe?"

Nikacheka kwanza, nikisubiri mume wangu aseme kwamba jiko linatania. Kihaule akaendelea kuchambua mchicha, macho chini.