Ua la Bi Shemsa

Thuwaini alikwenda Bububu peke yake, wakarudi wawili. Mwenziwe alikuwa mrefu, mwembamba, kasimama katikati ya gari moshi akiyumba kila lilipoyumba, na Thuwaini kamkumbatia kiunoni asianguke.

"Bwana, biarusi wako hana hata buibui?" aliuliza mwanamke mmoja, na behewa zima likacheka.

"Mwacheni," alidakia mzee mwenye pakacha la mihogo. "Huyo angalau hatamjibu mumewe."

Thuwaini aliukaza mkono kwenye mlangilangi wake, uliopandwa ndani ya chungu cha udongo, aliokuwa ameutoa Kidichi kwa miguu mpaka kituoni. Mti ule ukifika salama, Bahiya angekuwa mkewe.

Bahiya alikuwa binti wa pekee wa Bi Shemsa, mjane wa Ng'ambo, na wachumba walikuwa wawili: Thuwaini, karani wa bandarini, na Simai, mkwezi wa minazi. Bahiya alisema wote wawili anawaridhia, mama achague. Mama alisema jibu litatoka Alhamisi, baada ya sala ya alasiri.

Sasa Bi Shemsa alikuwa mpenda mimea. Akisafiri siku mbili, salamu zake za kwanza akirudi ni kwa vyungu vyake. Simai hakulishughulikia hilo. Thuwaini alilishughulikia kwa utaratibu, kama alivyoshughulikia kila jambo. Mpenda mimea, alijiambia, ukimpelekea alichonacho umemdharau. Kwanza ujue ana nini.

Kwa bahati, ukuta wa nyuma wa nyumba ile ulianguka wakati wa masika, na vyungu vyote vilionekana kutoka njiani. Juma zima, kila alasiri, Thuwaini alisimama pale, mwavuli ukimfunika uso, akaandika daftarini: asumini tatu, mawaridi manne, kilua kimoja, mkadi mmoja, mirehani sita. Mirehani miwili ilikuwa imebaki vijiti vitupu. Mbele yake aliandika: "Maradhi." Mbuzi wa jirani aliyekuwa kando akitafuna hakumwandika.

Kisha akamtafuta Kidawa, mwanamke wa Makunduchi aliyekuwa akimsuka Bi Shemsa nywele.

"Kidawa, wewe unakaa na Bi Shemsa. Moyo wake unataka nini?"

"Hilo silo la kuuliza," alisema Kidawa. "Kila nikimsuka ni hilo hilo. Ataka ua mrefu."

Thuwaini alicheka kwa upole. Watu wa shamba hawa!

"Refu, Kidawa. Ua *refu*. Mrefu ni mtu."

"Mie nnakwambia alivyosema yeye."

"Yeye ni mtu wa mjini, hawezi kusema hivyo. Masikio yako ndiyo ya Makunduchi. Haya, sema: ua refu."

Kidawa alimtazama kwa muda, kama mtu anayetazama sufuria itafurika lini.

"Ua refu," alisema.

"Ehee! Na alisema nini tena?"

"Alisema akilipata hilo ua lako refu, ndipo atakapolala usingizi."

Usingizi! Thuwaini hakuhitaji kusikia zaidi. Ua gani lina petali ndefu kama vidole, na harufu inayomlaza mtu kama mtoto? Alilipekua daftari lake mwanzo hadi mwisho. Langilangi halikuwamo.

Na sasa ilikuwa Alhamisi, alasiri imeshasaliwa. Thuwaini alitoka kituoni, akavuka daraja mpaka Ng'ambo, chungu kifuani, mwavuli kwapani, majani yakimpiga usoni kila hatua. Mlangoni kwa Bi Shemsa alipishana na Simai akitoka. Simai alikuwa mikono mitupu, jasho linamtiririka, vipande vya majani mabichi vimemganda nywelini. Hata kuoga hakuoga kwa siku kama ile. Thuwaini alimwonea huruma, akamsalimia vizuri zaidi ya kawaida.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Alaa! Nani huyo nyuma ya mti?"

"Ni mimi Thuwaini, Bi. Nimekuletea langilangi. Kwako sikuliona... yaani, nilisikia huna."

Bi Shemsa aliliinamisha ua moja, akalinusa, akafumba macho. Alinusa tena.

"Mashaallah! Tangu nizaliwe sijapewa zawadi nzuri kama hii. Bahiya yuko kwa shangazi yake, pita tu. Lipeleke uani."

Thuwaini alipita ukumbini, akautoa mguu nje ya mlango wa nyuma, akasimama.

Njia haikuonekana. Mahali pa ule ukuta uliolala palisimama makuti mabichi, yamefumwa vizuri, yamefungwa kwa kamba kwenye miti mipya, yamempita mtu mzima kwa kimo. Upande wa pili mbuzi alilia kwa uchungu.

"Umeuona ua wangu?" alisema Bi Shemsa nyuma yake. "Kazi ya Simai, siku tatu peke yake. Nshampa jibu lake. Leo nitalala! Mbuzi nilikuwa nshamzoea, mwanangu, ila yule mwanamume wa mwavuli na daftari, kila alasiri kasimama njiani ananichungulia, yule alininyima usingizi."

Thuwaini aliusogeza mwavuli taratibu nyuma ya mlangilangi.

"Lakini Kidawa," alisema Bi Shemsa, "huyu naye si alikuuliza? Hukumwambia?"

Kidawa alikuwa kakaa mkekani, kitana mkononi.

"Nilimwambia, Bi. Nilimwambia mrefu. Akanisahihisha."