Mpira Usiotoka Mkononi

Kwa miaka kumi na sita Kitwana, mrushaji wa timu ya besiboli ya mji ule, hakukubali kutolewa mchezoni. Kocha akimfuata kudai mpira, aliuficha mgongoni, na mashabiki wakaupenda ubishi wake.

Leo Kocha Bilali alimnyooshea kiganja.

"Inatosha, ndugu yangu. Nipe."

"Chukua."

Mpira haukutoka.

"Kitwana, usianze mambo yako."

"Sikatai. Vidole vina ganzi tangu asubuhi, na sasa vimekakamaa. Vibandue wewe."

Kocha akaanza na kidole gumba. Kitwana aliutazama mkono ule kama wa mtu mwingine. Jukwaani watu walidhani wanagombania mpira. Wakasimama wote wakaimba, "Usimpe, usimpe," na kocha alikuwa bado kwenye kidole cha pili.