Baridi ya Matanga

Siku hizi kiyoyozi hakiwaki katika nyumba yenye watu chini ya watano. Umeme hautoshi, wanatuambia, na wageni hawahesabiwi, isipokuwa wa msibani. Sisi tulikuwa wawili tu. Mume wangu Sefu alikufa kwa joto Jumanne mchana, na kitambaa nilichomlowekea kilikuwa kimeshamkaukia kifuani.

Nilipopiga simu kutoa taarifa ya kifo, mashine ikawaka papo hapo. Baridi aliyoililia wiki nzima ikampuliza usoni.

Watu wakajaa, wengine hata siwajui. Walitandika majamvi, wakasoma, wakalia, kisha wakasinzia na watoto wao mapajani. Ningemlaumu nani? Hata mimi nililala. Siku ya kuanua matanga hakuna aliyetaka kunyanyuka. Sheikh alimaliza dua, akaanza nyingine.

Alasiri mashine ikazimika yenyewe. Ndipo wakaanza kutafuta viatu vyao.

Jirani yangu Mwajabu alibaki nyuma, akilikunja jamvi alilotuazima.

"Shoga, nina eda ya miezi minne na siku kumi," nikamwambia. "Sitoki. Nitakaa humu peke yangu na joto hili?"

Alinitazama usoni, akanifuta jasho kwa ncha ya kanga yake. Kisha akalisimamisha lile jamvi nyuma ya mlango wangu.

"Acha likae hapahapa," akasema. "Nisije nikalibeba tena kuja matangani."