Dole Gumba la Mama Evaline

Kila Ijumaa Evaline alimpaka mama yake wino wa biro kwenye dole gumba, akamsomea uongo, kisha akamwonyesha pa kubandika kwenye daftari la imla, mahali pa sahihi ya mzazi.

"Mwalimu Badru kaandikaje leo?" mama yake, Veronica, aliuliza, ungo wa maharage mapajani.

Evaline aliyatazama maandishi mekundu chini ya imla yake. Yalisema: *Amepata sita kati ya thelathini. Asipofikisha ishirini na tano siku ya kufunga shule, atarudia darasa la nne.*

"Anasema mimi ni hodari. Anasema nisitumwe kuni."

"Haya. Hutatumwa." Mama akabandika dole.

Ijumaa iliyofuata mwalimu alisema Evaline apikiwe wali. Akapikiwa. Baadaye mwalimu akasema mtoto wa akili kama hizi anafaa kulishwa samaki, tena mgebuka. Mgebuka hupanda milima kutoka ziwani mpaka Kasulu, na bei hupanda nao. Veronica akanunua mkia.

Mama huyu alikuwa na mambo yake. Jumanne na Alhamisi jioni alikwenda mazoezi ya kwaya, ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akiimba. Na daftari la imla hakuruhusu mtu mwingine alivalishe jalada. Kila Jumapili alibandua karatasi ya kalenda, akalivalisha upya mwenyewe.

"Mvua ya huku haina adabu," alisema.

Kisha akaleta jipya. "Mwanangu, kwa kuwa wewe hodari, nifundishe na mimi. Nimechoka kubandika dole kama mwizi kituoni."

Evaline angekataaje? Hodari hakatai.

Basi jioni ambazo hakuna kwaya, muhogo ukiwa jikoni, Veronica alishika kipande cha mkaa akaandika kwenye mlango. Maneno ya darasa la pili yalimtoa jasho. Ya darasa la tatu yalimtesa. Ya darasa la nne ndiyo usiseme. Jioni moja "shangazi" likatoka "shagazi".

"Mama! Shangazi gani huyo?"

"Kwani nimekosea? Una hakika?"

Evaline hakuwa na hakika. Neno hilohilo lilimshinda asubuhi. Aliingia ndani, akachungulia orodha ya maneno aliyopewa na mwalimu, akatoka kidole juu.

"Umekosea. Andika mara kumi. Wewe utarudia darasa!"

"Nisamehe, mwalimu."

Ajabu ni kwamba kila lililomshinda Evaline shuleni, jioni lilimshinda mama. Evaline alimwonea huruma. "Usijali," alimwambia, "hata mimi zamani yalinisumbua." Zamani yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi.

Kufikia mwezi wa kumi na moja mwanafunzi wake alikuwa bado mzito, mlango wote umekuwa mweusi. Ila Evaline hakuwa tena na haja ya kuchungulia orodha.

Siku ya kufunga shule alipata ishirini na nane.

Alikimbia mpaka nyumbani. Leo angesoma maandishi mekundu kama yalivyo, neno kwa neno. Mama alikuwa amekwenda kuteka maji. Evaline akaona amngojee na daftari safi, kwa heshima ya siku yenyewe, akalibandua lile jalada la kalenda.

Vikaratasi vikamwagika sakafuni. Vilikuwa na mwandiko wa wima, usio na kosa hata moja, na chini ya kila kimoja orodha ya maneno kwa wino mwekundu wa Mwalimu Badru.

Aliokota kimoja. *Mwalimu, Ijumaa hii umetaka mgebuka. Naomba wiki ijayo utake mchicha.*

Cha zamani kuliko vyote kilikuwa cha mwezi wa saba.

*Mwalimu, mimi ni mama Evaline, mwanafunzi wako wa Jumanne na Alhamisi. Mtoto asijue kwamba nimeshajua kusoma. Niandikie maneno anayokosea shuleni, nami nitayakosea nyumbani.*