Mtu wa Geeta

Geeta alikuwa anacheka peke yake tena. Ameketi ghorofani mbele ya taipureta, amevaa vidude vya kusikilizia masikioni, mabega yanatikisika. Pravin alisimama mlangoni na koti la kazini, maji ya mvua yakimdondoka, na mkewe hata hakujua kwamba ameingia.

Akamsogelea, akamvua kidude kimoja. Nani huyo anayekuchekesha hivyo?

"Mtu wangu," alisema Geeta, akaizima tepurekoda.

Mtu wangu! Yaani bila haya, ndani ya nyumba ya mumewe, mtaa mzima wa Rayners Lane ukisikia. Pravin alishuka chini, chakula kikamshinda.

Geeta alikuwa anasomea shahada ya uzamivu. Utafiti wake ulihusu watu wao wenyewe, Wahindi waliotoka Afrika Mashariki wakaja kuanza upya huku Harrow, London. Hakuwa wa kuhesabu vichwa. Kazi yake ilikuwa kukaa na mtu, kuwasha tepurekoda, kuuliza kidogo na kumwacha aseme. Mwanzoni alifanya vibaya mno. Profesa alizisikiliza kaseti zake akamwambia anahoji watu kama afisa wa uhamiaji, ndiyo maana wanamjibu ndiyo na hapana huku wanaangalia saa. Mtu akinyamaza, alimwambia, na wewe nyamaza. Usimkimbize.

Geeta alilia wiki nzima. Halafu akapatikana huyu mtu. Huyu alizungumza Kiswahili kitupu, akafunguka, akatania, mpaka profesa akampigia Geeta makofi mbele ya wenzake. Tangu hapo Geeta anaimba jikoni.

Pravin aliuliza jina, akaambiwa majina hayatajwi, hayo ndiyo masharti ya kazi, hata mume haambiwi. Anakaa wapi? Karibu. Basi, zaidi ya hapo hakupata kitu.

Wala hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa Abdulsamad, nani mwingine? Yule Mzanzibari anayesoma naye, aliyemwazima hiyo tepurekoda. Aliwahi kuja kunywa chai mara moja, na Kiswahili chake laini, na kope zake ndefu utadhani za mwanamke. Pravin alimchukia kabla hajaweka kikombe chini.

Na ishara zilikuwepo, mwenye macho haambiwi tazama. Siku moja mvua ilinyesha kutwa, Geeta akasema amerekodi saa mbili nzima na mtu wake. Pravin akapapasa koti la mkewe pale kwenye msumari. Kavu. Viatu vikavu. Kwenye sinki vikombe viwili, vyote vinanukia tangawizi.

Kwa hiyo mwanamume anakuja hapahapa. Wivu ulimpanda.

Alimwendea baba yake, Bapuji, mzee mjane aliyeshinda karibu na hita ya gesi na gazeti lake la Kigujarati. Tangu nyumba yao ya Tanga ilipotaifishwa, Bapuji alikuwa amebakiwa na maneno machache tu, ya chai, ya mvua na ya kuomba afungiwe mlango. Na kwa Geeta hata hayo hayakuwepo. Mila ya kwao ni hiyo. Mzee akiingia, mkamwana anavuta sari kufunika uso, anaweka chai juu ya stuli, anatoka. Tangu harusi Pravin hakuwahi kuwasikia wawili hao wakisemezana Kigujarati hata sentensi moja, na sasa aliona ni heri. Mlinzi asiye na urafiki na mtu hamfichii siri.

"Bapuji, kuna mwanamume anakuja hapa mchana?"

Mzee aligeuza ukurasa. "Hakuna mgeni aliyeingia humu."

Masikini, mzee wa watu anasinzia, aliwaza Pravin. Wanachekea juu ya kichwa chake na hana habari. Uchungu ukamzidi.

Akampigia simu kaka yake Geeta aliyeko Leicester. Njoo Jumapili umchukue dada yako, alimwambia, masomo yamemharibu. Kaka mtu aliuliza kama ana uhakika, maana mwanamke akisharudishwa nyumbani, ukoo mzima utajua na hakuna wa kuifuta aibu hiyo. Pravin akasema anao ushahidi. Hakuwa nao.

Jumapili ikafika. Geeta alikwenda maduka ya karibu na stesheni kununua mboga, hajui lolote. Bapuji alikuwa kwenye kiti chake. Pravin akapanda ghorofani, akatoa kaseti ya karibuni kabisa, akaitia kwenye tepurekoda, akavaa vile vidude masikioni. Alitaka shemeji akigonga tu, aisikie mwenyewe sauti ya yule mshenzi.

Akabonyeza.

Ilianza sauti ya Geeta, kwa Kiswahili, ya upole ambao Pravin hakumbuki kama aliwahi kupewa yeye. Alikuwa anauliza juu ya asubuhi ya kuondoka Tanga, na kilio ndani ya stoo ya duka, na marobota ya vitambaa yaliyoachwa. Kisha kimya. Pravin akaongeza sauti. Tepu ilizunguka, na Geeta hakumkimbiza mtu wake.

Chini, kengele ya mlango ililia. Pravin hakuinuka.

"Mzee," sauti ya Geeta ikasema tena, "haya yote ulishawahi kumwambia mwanao?"

Mtu akakohoa.

"Pravin? Hajawahi kuniuliza."