Kishoka cha Karani

Injini ilikuwa inanguruma na sanduku la mzee lilikuwa limeshapakiwa kwenye buti. Mwenyewe alikuwa bado kaganda kwenye mlango wa karakana yake, mkono mmoja kwenye mwimo, kama mtu anayezuia nyumba isianguke.

"Baba, panda basi," alisema binti yake kutoka kwenye usukani. "Stuli uliyonitumia inayumba. Juzi umeungua mkono jikoni. Ufundi umekuisha, na peke yako hapa sikuachi."

"Stuli inayumba kwa sababu sakafu yako wameijenga walevi."

Mume wa binti akashuka garini na gunia. Alikuwa karani, na mzee hakuwahi kumheshimu. Mwanamume gani anashika kalamu kutwa nzima, halafu jioni anasema kachoka?

"Baba, nimekutengenezea kishoka. Kwa mikono yangu."

"Mikono ipi?"

Binti akacheka. "Wiki nne anajifungia stoo na tupa yake, hata mimi hajanionyesha. Haya, fundi, kikague. Ukibabaisha tu, unapanda gari."

Karani akasimama katikati yao, mgongo kwa gari, akauweka mpini kwenye kiganja cha mkwewe.

Mzee hakuwa na haraka. Akapima uzito. Akagonga bapa kwa ukucha, akasikiliza.

"Chuma cha springi ya gari. Umekipoza kwa papara, shukuru hakijapasuka." Akapitisha kidole. "Makali umenoa upande mmoja, wa pili umeusamehe. Kabari umeipigilia mshazari. Na huu mpini! Miviringo mitatu ya kuchonga, ya nini? Vichwa vya misumari vimepangwa mgongoni toka juu mpaka chini. Shoka umelivalisha hereni, bwana wee! Hili la kukatia keki."

"Mapambo tu, baba."

Mzee akaunusa mpini. Harufu ya mafuta mabichi ikampanda puani, naye alikuwa ameshanogewa.

"Na rangi juu! Rangi ya kumeremeta hivi, kama mlango wa saluni! Umeona wapi mtu anachanja kuni na kitu kama hiki?"

Karani aliutazama mpini, kisha uso wa mkwewe. Akakohoa.

"Nilizidisha, baba. Nitaikwangua."

"Ikwangue leo hii. Inaniumiza macho."

Garini, binti alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. "Huyu ndiye baba yangu! Kasoro hata moja haijampita. Mshushie sanduku lake, twende zetu."

Basi wakaenda. Binti aliwasimulia ndugu wote jinsi mumewe alivyosutwa, na habari ya kumhamisha baba hakuigusa tena. Karani alirudi kwenye mafaili yake, akaota kitambi, na kwenye kila sherehe ya familia akachekwa kwa rangi yake ya saluni. Hakujitetea hata siku moja. Mzee aliishi miaka sita zaidi katika nyumba ile, akichanja kuni zake mwenyewe kila asubuhi, kidole gumba juu ya vile vichwa vya misumari, wala hakujikata.

Mpini ule haukuwahi kupakwa rangi.