Nafasi ya Maswali

Chupa za maji zilipangwa mezani kwa mstari ulionyooka, moja mbele ya kila kiti, na waliokaa walikatazwa kuzifungua.

"Kiu nayo tuiombee kibali?" akanong'ona jirani wa Mama Fundi, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa kuwa hazimiki.

"Nyamaza, shoga yangu. Wanasoma."

Mama Fundi, mshona nguo wa mtaa wao, hakuwa na kiu. Alikuwa na swali, nalo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki tangu alipopanda basi la serikali pamoja na wenzake, kila mmoja na fulana mpya yenye maandishi kifuani: HESABU ZAKO, HAKI YAKO.

Sheria ilitaka hivyo. Kila mwaka, kabla ripoti ya mapato na matumizi ya jimbo haijafungwa, isomwe mbele ya wananchi, na wananchi waulize. Ikishafungwa, imefungwa.

Jukwaani Mhazini wa Jimbo alikuwa anasoma. Mama Fundi hakuwahi kumwona. Alimdhania mtu mzima zaidi. Kodi za masoko, leseni, ushuru wa mazao, fedha za serikali kuu: hayo mapato. Mishahara, barabara, maji, afya: hayo matumizi. Vyote vikalingana kama viatu vya jozi moja. Kila ukurasa ulipokwisha, mratibu aliyesimama pembeni aliinua mkono, na ukumbi ukapiga makofi. Makofi yakipwaya, Mhazini alirudi nyuma akausoma ukurasa uleule tena.

"Mbona kama anatusomesha?" Redio akauliza.

"Labda hapo ni pazito."

"Pazito ni hapa," Redio akajishika tumbo. "Mapato yamesomwa, matumizi yamesomwa, njaa yangu haimo hata kwenye mengineyo."

Nyuma yao seremala alikuwa bado anagongomea zulia la mlangoni. Viti vya mbele vilikuwa vitupu, nailoni zake hazijatolewa. Wakubwa na kuchelewa, nani asiyewajua?

Kisha ikafika zamu ya afya. Mhazini akaitaja zahanati ya kwao kwa jina. "Wodi ya wazazi: imekamilika, inatumika."

Makofi.

Mama Fundi hakupiga. Wodi hiyo aliipita kila siku akienda dukani kununua uzi: kuta nne zisizo na paa, na mbuzi ndani wakijikinga na upepo. Mwaka juzi binti yake alishikwa na uchungu usiku wa mvua, wakampakia nyuma ya pikapu kumkimbiza hospitali ya mjini. Mtoto alizaliwa njiani. Hakulia. Sasa binti ana mimba nyingine, changa bado, mimba ya kusubiri paa. Nesi wa zahanati alikuwa amemwita Mama Fundi kando, akamwambia, "Mama, ikisomwa kuwa imejengwa na watu wakakaa kimya, basi imejengwa. Hakuna atakayetupa tena hata bati moja. Uliza."

"Maswali!" mratibu akatangaza. "Msiogope, jamani. Hiki ni kikao chenu. Mwenye dukuduku alitoe leo."

Redio akamkamata pindo la gauni. "Kaa, mwenzangu. Sare za shule za serikali nani anazishona kama si wewe? Mdomo uliponza kichwa."

"Kichwa hiki kimeshazika mjukuu," Mama Fundi akasema, akasimama.

Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeomba njia apite, halafu ikapata nguvu yenyewe.

"Wodi hiyo haina paa, baba. Haina mlango, haina kitanda. Kama inatumika, basi wanaojifungulia humo ni mbuzi. Naomba ifutwe kwenye hiyo ripoti mpaka ijengwe."

Seremala akaweka nyundo chini. Kisha mzee mmoja akainuka akasema kisima chao nacho kimesomwa, lakini hakijachimbwa. Akainuka mwingine na daraja, na wa tatu na madarasa. Ujasiri nao huambukiza.

Mhazini akashuka jukwaani. Akamshika Mama Fundi mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mama. Maswali kama haya ndiyo tunayoyatafuta." Akamgeukia mratibu. "Waandike wote. Jina, mtaa na simu."

Nje, juani, Mama Fundi alimpigia binti yake. "Wamenisikiliza, mwanangu. Kanishika mkono mbele za watu. Ripoti haifungwi, hiyo wodi itaezekwa." Upande wa pili binti akalia, na mama naye akajipangusa macho kwa ukingo wa fulana.

Redio akamshika kiuno wakaenda pamoja mpaka kwenye basi.

Mratibu alikuwa amesimama mlangoni mwa basi, akitabasamu kwa kila anayepanda.

"Asanteni sana, mmejitahidi kwenye mazoezi ya leo. Kesho saa tatu asubuhi tena, fulana hizihizi, makofi yaleyale, na asiwepo wa kuzubaa, maana kesho ndiyo anakuja Mhazini mwenyewe." Kisha akamgusa Mama Fundi begani, taratibu, kama mtu anayempa pole mgonjwa. "Wewe, mama, na wale watatu, kesho pumzikeni nyumbani."